Somo Mwenye Jalada la Ngozi

Nusaiba alivunja ungo siku ya Jumatatu, siku tano kabla ya mtihani wa Randburg, na mama yake aliipokea habari ile kama mtu aliyefanyiwa hujuma.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika fleti yao ya ghorofa ya pili, Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa bara. Yasini, baba wa nyumba, fundi wa majokofu, alikuwa amesubiri choo kwa dakika ishirini, taulo begani. Mwanaasha, mke wake, alipogonga mlango na kuuliza kulikoni, mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anahitaji kitu kutoka kabatini na kwamba Baba aondoke pale. Yasini alielewa. Akaenda kusimama dirishani akautazama mtaa kwa makini, kama aliyeahidiwa kwamba litapita gwaride. Mwanaasha akapitisha pakiti ya pedi kwenye upenyo wa mlango. Hakusema neno.

Huko kutosema kuna maelezo yake. Kwao Tanga, mama hamwambii bintiye mambo haya. Kuna somo, mwanamke mwingine mtu mzima, anayechaguliwa kwa adabu yake na kwa mdomo wake, naye ndiye humkalisha mwali chini na kumweleza yote, hata yale ambayo mama mwenyewe huona haya kuonekana anayajua. Mwanaasha aliwahi kuyacheka hayo. Alipokuwa chuoni akisomea diploma ya uhazili, aliandika insha ya kurasa nne kupinga unyago, akapata alama B na sifa ya mwalimu kwa wino mwekundu. Sasa, akiwa na miaka thelathini na tisa, diploma ukutani na mwali chooni, aligundua kwamba insha ile haikusema ni nani atakayezungumza badala ya somo.

Basi akafanya kile tunachofanya sisi wenye vyeti tunapokwama. Akaenda kwenye kitabu.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, kinene kama tofali, jalada la ngozi na maandishi ya dhahabu, kuhusu maradhi ya wanawake na wasichana. Namna kilivyoingia nyumbani ni aibu yenye hatua. Mwanaasha alikuwa mtu wa mapokezi katika kliniki moja ya Randburg, upande wa wenye nazo jijini. Alijibu simu, alipanga miadi, na alivaa koti jeupe kwa sababu pale kazini wote walivaa. Jioni alirudi Yeoville na koti lile lile mwilini, na watu, kidogo kidogo, wakaanza kumwita Dokta. Mara ya kwanza alikanusha. Mara ya pili alikanusha kwa sauti ndogo zaidi. Mwaka wa tatu alikuwa akitoa ushauri kwenye ngazi, kuhusu presha na vidonda vya tumbo, na koti akilipiga pasi kila siku.

Siku kliniki ilipohamisha stoo, aliambiwa apeleke jalalani boksi la makaratasi ya kale. Kitabu kilikuwa chini kabisa. Kilipigwa chapa mwaka 1909, na mwaka huo umeandikwa wazi ukurasa wa kwanza, kwa hiyo asitafutiwe kisingizio. Mtu mwingine angeona uzee. Mwanaasha aliona ukomavu: madaktari wa zamani, alimweleza Yasini, walisema ukweli kabla hawajaanza kuuza vidonge. Mama mkwe wake alikuwa na hoja hiyo hiyo kuhusu mizizi ya waganga, na Mwanaasha alikuwa akimcheka. Ndivyo tulivyo sisi tuliosoma kidogo. Hatuwaamini bibi zetu mpaka mzungu aandike walichosema.

Na kitabu kilisema. Msichana anapoanza hedhi, mwili wake una akiba moja tu ya damu. Akiitumia kichwani, kwa hesabu na masomo magumu, kizazi hukosa, kikasinyaa. Alale. Asipande ngazi. Asiguse maji baridi. Asifanye hesabu kwa miezi sita. Wasichana waliosoma mno katika umri huo hukua na vifua bapa na hasira nyingi, nao hawazai, au huzaa mara moja tu.

Mstari huo wa mwisho Mwanaasha aliupigia kalamu miaka minne iliyopita. Yeye alizaa mara moja. Mimba mbili zilizofuata ziliharibika, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Madaktari walisema hawaoni sababu. Mama mkwe aliiona akiwa Tanga, bila vipimo: huyu amesoma mno, kizazi kimekauka. Mwanaasha alimjibu kwa simu maneno ambayo Yasini aliyaombea radhi wiki nzima. Kisha akafungua kitabu, akamkuta daktari wa 1909 yuko upande wa mama mkwe. Hakumwambia mtu. Lakini aliyekosa sababu kwa miaka miwili huikumbatia hata ile inayomtukana.

Jumatatu ile ile alimlaza Nusaiba kitandani, akaiandikia shule kwamba mtoto ana mafua, akazichukua karatasi zote za mazoezi ya hesabu akazifungia kabatini. Juu ya stuli akaweka kitabu, na vipande viwili vya karatasi kuonyesha mahali.

"Soma hapa na hapa," akasema. "Mahali pengine usisome."

"Umesema kusoma kunadhuru," Nusaiba akamjibu kwa Kiingereza chake.

"Hicho si kusoma. Hicho ni kuelezwa."

Huo ndio uliokuwa unyago wa Nusaiba.

Mtihani wa Jumamosi haukuwa wa mchezo. Shule moja ya wasichana huko Randburg ilitoa kila mwaka nafasi moja, moja tu, kwa mtoto wa shule za mjini kama ile ya Nusaiba: asome pale bila ada mpaka amalize matriki, kidato cha mwisho. Waliochaguliwa kushindania nafasi hiyo walikuwa kumi na wanane, naye alikuwa mmoja wao, kwa hesabu. Asiyetokea hapewi siku nyingine. Barua ilisema hivyo kwa herufi nzito, na barua ilibandikwa kwenye jokofu ambalo Yasini alilifufua mwenyewe.

Jumanne jioni Yasini aliliuliza jokofu, maana hakutaka kuonekana anajua kinachoendelea, kama Jumamosi bado ipo.

"Jumamosi atakuwa kitandani," Mwanaasha akasema.

"Mwalimu wake anasema..."

"Mwalimu wake atamzalia?"

Yasini akafungua jokofu, akatazama ndani, akalifunga. Mlango ule ulikuwa umekaa sawa kabisa.

*

Jumatano akapanda Victorine. Huyu alikuwa jirani wa chini, mtu wa Lubumbashi, mwenye saluni na watoto watano, na alikuwa amepangiwa kumsuka Nusaiba kwa ajili ya mtihani. Mwali hakutokea. Victorine akaja na kitana chake kichwani na bakuli la uji mkononi.

"Mama Nusaiba, mutoto iko na nini?"

"Mafua."

"Mafua ya juu ao ya chini?"

Mwanaasha akaona hakuna haja ya kuficha. Akamkaribisha, akavuta sauti ile ya kwenye ngazi, ya Dokta, akamweleza habari ya akiba ya damu, na kichwa na kizazi vinavyogombania bomba moja. Alieleza vizuri. Victorine alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon. Mimi nilifanya mutihani ya mwisho ya sekondari na mimba ya Parfait, miezi saba. Niliketi na meza mbali hivi, tumbo haikubali. Nikapita. Na leo niko na batoto batano. Hii damu ya kichwa, mimi niliitoa wapi?"

"Kila mtu na mwili wake."

"Na huyu dokta ya kitabu, yeye alizaa?"

"Ni mwanamume."

"Ah," Victorine akasema.

Alikaa na ile "ah" yake kwenye kochi, akanywa chai, akaangalia diploma ukutani kana kwamba ni picha ya marehemu. Alipoinuka kuondoka alisema taratibu, kwa upole ambao Mwanaasha aliuchukia, kwamba kama kinachokosekana ni mdomo wa kuongea na mtoto, yeye mdomo anao, na kwao pia mama huachia shangazi kazi hiyo. Mwanaasha alifikiria dini, akafikiria Tanga, akafikiria insha yake ya alama B. Akasema ahsante, tutaona, maneno ambayo Waswahili hatuyatumii kwa maana nyingine isipokuwa hapana.

*

Alhamisi, saa ya chai, kliniki ikiwa haina mgonjwa, Mwanaasha alimsogelea Daktari Yasmin. Daktari huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mzaliwa wa Lenasia, mtaa wa Wahindi, mwenye watoto watatu ambao picha zao zilikuwa mezani pake. Mwanaasha alizipangusa vumbi picha hizo kwa miaka sita na hazikuwahi kumwambia kitu. Akasema ana jirani. Jirani huyo ana binti. Akauliza, kwa niaba ya jirani, kama ni kweli kwamba msichana akifanya hesabu wakati wa hedhi ya kwanza kizazi hukauka.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Si kicheko kibaya. Ni kile cha mtu aliyechoka tangu Jumatatu na ghafla amepewa zawadi. Akamwita nesi kutoka chumba cha pili.

"Rudia," akamwambia Mwanaasha. "Tafadhali, rudia kama ulivyosema."

Mwanaasha akarudia. Alisimama na koti lake jeupe kati ya makoti meupe mawili ya kweli, akarudia, na alipofika kwenye neno hesabu nesi aliketi chini.

Daktari Yasmin akapangusa macho, akawa mtu mwema tena. Akasema jirani amlete binti, hatamtoza kitu. Akasema yeye mwenyewe alifanya mtihani wa mwisho wa udaktari akiwa siku ya pili, na chupa ya maji moto tumboni. Kisha akauliza, kwa huruma ya kweli, kama huyo jirani alipata bahati ya kwenda shule.

"Ana diploma," Mwanaasha akasema.

Ikabidi nesi aletewe maji.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijitetea kimoyomoyo. Daktari Yasmin ni mtu wa ukoo wa madaktari. Amekunywa maziwa tangu utotoni. Wale wana miili yao, alijiambia, na sisi tuna yetu. Hoja hiyo ilimtosha mpaka ngazi za kwanza za Yeoville, ambapo mzee mmoja alimsimamisha, akamwita Dokta na kumwonyesha ulimi auchunguze.

*

Ijumaa, baada ya magharibi, walikuwa wanakula wali na maharage. Nusaiba alitoka chumbani akiwa na kitabu kifuani. Siku nne alilazwa bila karatasi za hesabu, bila simu, na mtoto asiye na kitu kingine husoma kilichopo. Alikuwa amekimaliza.

Yasini akashika sahani yake ainuke.

"Baba, kaa," Nusaiba akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Nyumba ile ilizoea kukisikia Kiswahili cha Nusaiba siku ya Idi tu, kwa simu, akisalimia Tanga. Yasini akakaa.

"Mama, mimi niko ukurasa gani?"

"Nilikuwekea alama. Mia mbili na kumi."

"Nimemsoma huyo." Alifungua. "Huyu ana mtumishi anamletea supu. Ana piano. Ana farasi, asimpande. Ana chumba chake, dirisha liangalie bustani. Huyu si mimi. Mimi niko hapa."

Akafungua mbele zaidi, mahali pasipokuwa na alama, ukurasa wa mia tatu na arobaini. Alisoma polepole, akitafsiri kwa kidole, na kila alipokwama alilisema neno kwa Kiingereza kisha akalitafutia Kiswahili chake. Wanawake weusi, kilisema kitabu, hawana fahamu za maumivu kama wengine. Wanazaa asubuhi, mchana wako shambani. Hedhi haiwasumbui. Wasipumzishwe, kupumzika kunawaharibu tabia. Wanafaa kazi za jikoni na za kubeba. Masomo hayawezi kuwadhuru, kwa kuwa hayaingii.

Hakuna aliyekuwa anakula.

"Sasa," Nusaiba akasema, "nikiwa huyu wa piano, nisiende kesho kwa sababu nitaumwa. Nikiwa huyu wa pili, nisiende kwa sababu sina akili. Nimejaribu kutafuta wa tatu. Hayupo."

Mwanaasha akanyoosha mkono, akakichukua kitabu. Alipita mistari kwa ukucha, kama alivyofundishwa chuoni kuhakiki barua kabla bosi hajatia saini. Yalikuwamo maneno yale yale. Hawa wana miili yao. Maneno yake ya jana, ya njiani, yaliyokuwa yamemtosha mpaka ngazini, yalikuwa yamepigwa chapa miaka zaidi ya mia iliyopita, kwa herufi nzuri, pembezoni mmenyooka. Kitabu hiki alikibeba mwenyewe kutoka mdomoni mwa jalala. Alikiweka juu ya friji, mahali pa juu kuliko vyote baada ya Msahafu.

"Na wewe umo," Nusaiba akaongeza, si kwa ukatili, kwa ukamilifu tu. "Mia tatu sitini. Wanawake wanaopiga taipu ofisini. Anasema kiti kinasogeza kizazi upande wa kushoto."

Mwanaasha akacheka. Kicheko kilimtoka bila kutarajia, kwa sauti, na Nusaiba akacheka naye, kushoto, Mama, kushoto, mpaka kicheko cha mama kikageuka kilio katikati. Nusaiba hakujua habari za zile mimba mbili. Yasini alijua.

"Hukufanya kitu," Yasini akasema. Aliiambia sahani ya maharage. "Zile mimba. Hukuzifanya kitu, Mwanaasha."

"Ungesema miaka sita iliyopita."

"Hukuniuliza."

"Mama yako aliponiambia nimekauka ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," Yasini akasema. "Nilinyamaza. Hilo ndilo nililofanya."

Mwanaasha akajipangusa kwa mkono wa koti, koti la kazini, ambalo mpaka saa ile alikuwa bado hajalivua. Kisha akainuka, akafungua kabati, akarudisha karatasi za hesabu mezani. Akamwambia binti ale haraka, maana siku nne zimepotea na hazikupotezwa na hedhi.

*

Jumamosi Yasini aliazima pikapu ya Marcellin, mume wa Victorine. Wakakaa watatu kwenye kiti kimoja, mwali katikati, nywele zimesukwa tangu alfajiri. Mwanaasha alivaa koti jeupe. Aliogopa geti la shule ile. Alitaka wakitazamwa pale waonekane wametoka mahali pa maana. Ndani ya mfuko wake mkubwa kulikuwa na pedi, maji, tende, na kitabu, alichokusudia kukitupa huko huko Randburg. Kukitupa Yeoville ni hatari, alisema, kuna mtu atakiokota asome.

Walipofika robot ya pili, kama taa za barabarani zinavyoitwa huko, aliamua kuwa atasema mwenyewe. Alikohoa. Akatazama mbele, akaanza kwa sauti ya kusoma tangazo: inabadilishwa kila baada ya saa chache, ya akiba iko mfuko wa ndani, tumbo likikaza vuta pumzi, si ugonjwa, ukichafuka funga sweta kiunoni, utembee kama kawaida, usiombe radhi kwa mtu. Aliendelea. Aliyasema na yale ya somo, ya usafi na ya kujitunza, na mengine ambayo hakujua kama anayajua. Robot ikawa kijani. Yasini hakuondoka. Nyuma yao watu wakapiga honi.

"Yasini, endesha."

"Sikusikia kitu."

"Sikukuuliza kama umesikia."

Gari likaenda. Nusaiba alingoja mpaka mama yake akamaliza kabisa.

"Mama, haya tulifundishwa shuleni. Darasa la tano. Na yaliyobaki Mama Parfait wa chini alinieleza Alhamisi, ulipokuwa kazini. Alileta na uji."

Mwanaasha akageuka akamtazama.

"Sasa mbona umeniacha niseme yote?"

"Ulikuwa unaendelea vizuri."

Shule ilikuwa kwenye mteremko. Breki ya mkono ya Marcellin ilikuwa ya kuonyesha tu. Kwa kawaida gari lile lilizuiwa kwa jiwe, na jiwe lilikuwa limebaki Yeoville. Yasini akazunguka akitafuta jingine. Palikuwa na majani yaliyokatwa sawa, maua, kibao cha kukataza mbwa, jiwe hapana. Akasimama ameegemea pikapu kwa mgongo, akiizuia mbele za wazazi wenye magari yanayosimama yenyewe. Mwanaasha akafungua mfuko, akatoa kitabu, akainama akakisukuma chini ya gurudumu la nyuma. Yasini akaachia taratibu. Gari likatulia.

Nusaiba akaingia getini bila kugeuka. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko mama yake alivyodhani, na ulinyooka.

Kando yao mwanamke mmoja alikuwa akibishana kwa sauti ya chini na binti yake. Binti alikuwa amejikunja, mikono tumboni, uso wa majivu, penseli mpya mkononi. Mwanamke yule aliinua macho, akaona koti jeupe, akaja nusu mbio.

"Daktari," akasema kwa Kiingereza, "samahani. Siku zake zimeanza leo asubuhi, ndiyo mara yake ya kwanza. Nimrudishe nyumbani? Si hatari, na mtihani huu wote?"

Koti lilikuwa limepigwa pasi. Sauti ya ngazini ilikwisha panda mpaka kooni, imejiandaa, na Yasini, aliyeijua vizuri, akatazama pembeni ili asione.

"Mimi si daktari," Mwanaasha akasema. "Napokea simu." Akafungua mfuko. "Lakini pedi ninazo. Mpe hii, na umwache aingie."

Yasini akaenda kuangalia gurudumu. Kitabu kilikuwa kimeshika.